Kanisa Dogo la Malindi

Wazee wetu walisema tembea uone, lakini hawakutuambia kwamba aghalabu kitu kilicho mbali huonekana upesi kuliko kilicho karibu. Nimewajua watu wa Malindi waliofika Nairobi, Unguja na hata Maskati, wakarudi na habari nyingi za majumba na misikiti waliyoiona huko. Walakini ukiwauliza habari za kanisa dogo la pwani yao wenyewe, ambalo wamelipita tangu utoto, hawana la kukuambia. Mimi nilikuwa mmoja wao. Nilikuwa na umri wa miaka 34 nilipoingia humo mara ya kwanza, na ziara ile ilinifundisha jambo ambalo, kama ningalilijua mapema, lingaliniepusha na aibu moja kubwa. Aibu hiyo nataka kukusimulia, msomaji, si kwa kuwa kuisimulia ni tamu, bali kwa kuwa wewe u kijana bado, na yamkini hujaitenda.

Kwanza nikuonyeshe mahali penyewe. Katika mtaa wa Shela, ulio sehemu ya kale ya mji, anzia penye Msikiti wa Ijumaa. Kando yake yasimama makaburi mawili ya mnara, yaliyojengwa kwa mawe ya matumbawe zaidi ya miaka 500 iliyopita. Na atazamaye minara ile huona mara moja jinsi watu wa kale wa pwani hii walivyowaheshimu wafu wao. Shika njia iendayo kusini, bahari ikiwa mkono wako wa kushoto. Wakati wa mvua maji yake hayana rangi ya mbingu; huwa na rangi ya udongo, maana mto Sabaki huingia baharini kaskazini ya mji, nao huja na udongo mwingi wa bara. Mbele utauona mnara mweupe juu ya mwamba ulioingia baharini. Huo ni mnara wa Vasco da Gama, nahodha Mreno aliyetia nanga hapa mwezi wa Aprili 1498, akapokewa vizuri na mfalme wa Malindi, akapewa rubani wa kumvusha hata Bara Hindi. Msalaba ulio juu ya mnara ule ni wa jiwe lililoletwa kutoka Ureno. Karibu na njia ya kuendea mnarani ndipo lilipo kanisa lenyewe.

Usikiapo habari za nyumba ya sala ya kale, usifikiri juu ya jengo kubwa. Kusini ya Tanzania, huko Peramiho na Ndanda, watawa wa Mtakatifu Benedikto wana nyumba zilizoanzishwa mwaka 1898 na 1906, zenye makanisa marefu, karakana, shule na hospitali. Mgeni afikapo huko hudhani amefika katika mji mzima uliojengwa kwa kazi na sala. Kanisa la Malindi halina lolote katika hayo. Ni chumba kimoja tu. Kuta zake ni za mawe yaliyopakwa chokaa, na paa lake ni la makuti, kama paa la nyumba ya mvuvi. Kulizunguka pana makaburi ya Wakristo wa nyakati mbalimbali, na juu yake wapita upepo wa bahari. Malindi ina askofu wake tangu jimbo lake lilipoundwa mwaka 2000, na Wakatoliki wake wana makanisa makubwa kuliko lile; kanisa lile dogo latunzwa kama ukumbusho wa kale. Chumba na makaburi, basi, hakuna zaidi.

Mimi nilizaliwa Shela. Baba yangu alikuwa mvuvi, mtu wa msikiti na wa maneno machache. Katika shule ya msingi nilikaa dawati moja na kijana wa Kigiriama aliyetoka Ganda, kijiji kilicho upande wa bara, ambako minazi hupungua na mikorosho huzidi. Yeye alikuwa Mkatoliki, mimi Mwislamu. Lakini katika umri ule dini ilikuwa jambo la Ijumaa na Jumapili, na siku tano zilizobaki zilikuwa zetu sote. Alikula kwetu adhuhuri, na mama hakuuliza kama atakuja, bali alipakua sahani yake pamoja na zetu. Baba alimfundisha kushona nyavu na kuzitambua nyota, akawa akimwita mwanangu. Majira ya maembe nami nilikwenda Ganda, na mama yake alinikalisha kwenye mkeka, akaniwekea korosho za kuchoma hata nikashindwa. Katika mwezi wa Ramadhani rafiki yangu hakula mbele yangu hata siku moja, ijapokuwa hapana mtu aliyemkataza.

Baba alifariki mwaka 1991, alfajiri ya siku ya Jumatatu. Habari za kifo hazina miguu lakini huenda mbio. Jua lilikuwa halijawa kali bado, na rafiki yangu alikwisha kufika kwa baiskeli. Hakunena mengi. Alinishika mkono, akasema, "Poleni, ndugu yangu," kisha akaenda kutafuta jembe. Alichimba pamoja na vijana wa mtaa hata mwanandani ukawa tayari. Jeneza lilipotoka nyumbani alitia bega lake. Tulipoingia msikitini kumsalia maiti, yeye alikaa kibarazani, miguu mitupu, kofia i mkononi. Tulipotoka akatia bega tena. Talakini ilipokuwa ikisomwa alisimama nyuma ya watu, ameinamisha kichwa. Na watu walipotia udongo, naye akatia konzi zake tatu. Nilimsikia mzee mmoja akimnong'oneza mwenzake, "Huyu si Mwislamu." Mwenzake akamjibu, "Lakini ni mfiwa."

Nimekusimulia hayo kwa urefu ili uyapime na haya yafuatayo.

Mwishoni mwa mwaka 1997 zilinyesha mvua kubwa, zile zilizojulikana kwa jina la El Niño. Njia zilikatika, Sabaki ikafurika, mbu wakajaa, na homa ikawashika watu wengi. Rafiki yangu naye ilimshika. Wakati huo alikuwa ameoa, ana mtoto mmoja. Aliugua siku nne, akafa siku ya tano.

Mimi nilikuwa nimekwisha kuwa mwalimu. Watu wa mtaa walikuwa wameanza kunipa kiti barazani, nami heshima ile ilinilevya kidogo. Walikuwapo katika baraza yetu watu wawili watatu waliopenda kuzipima dini za wenzao kama mfanyabiashara apimavyo sukari. Walisema kwamba Mwislamu asimamaye mahali penye padre na msalaba amekwisha kushiriki ibada yao. Sikuwauliza neno hilo walilitoa wapi, wala sikwenda kwa mwanachuoni yeyote kuuliza. Naungama mbele yako kwamba haikuwa dini yangu iliyonizuia. Dini yangu sikuiuliza. Kilichonizuia kilikuwa hofu ya ulimi wa watu.

Hata hivyo nilikwenda Ganda. Nilivua viatu, nikavuka matope, nikafika karibu na mji wao. Nikaona umati chini ya mikorosho, na padre katika mavazi yake, na msalaba wa mbao umelazwa juu ya sanduku. Hapo miguu yangu ikakataa. Nikasimama barabarani chini ya mwembe, umbali wa hatua kama 100. Nikasikia wimbo wao wa kuaga. Nikasikia udongo ukianguka juu ya mbao. Na sauti ile, msomaji, ni moja katika dini zote. Kisha nikamwita mtoto aliyekuwa akipita, nikampa noti ya rambirambi ampelekee mama wa marehemu, nikageuka, nikarudi mjini.

Husemwa kwamba majuto ni mjukuu. Yangu hayakungoja kuwa mjukuu. Yalizaliwa usiku ule ule.

Mwaka uliofuata nilimkuta mama yule sokoni, mbele yake fungu la maembe. Nikaona haya kupita, nikaona haya kusimama. Nikasimama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mama yako hajambo? Na watoto wa shule?"

Nikamjibu yote aliyoniuliza. Akanichagulia maembe sita mazuri, akayafunga, akakataa fedha yangu. Nilipokuwa nikigeuka kwenda zangu, akasema pasipo hasira, kama mtu akumbushaye jambo dogo, "Siku ile nilikuona, mwanangu. Ulisimama barabarani kama mpita njia."

Sikuwa na jibu. Maembe yale niliyapeleka nyumbani, watu wakala, mimi sikuweza.

Mwaka 2001 niliwapeleka wanafunzi wangu wa kidato cha pili kuutazama mnara wa Vasco da Gama, maana tulikuwa tukisoma habari za Wareno. Wakati wa kurudi jua lilikuwa kali, na kanisa dogo lilikuwa karibu; nikaona afadhali waingie kupata kivuli na somo pamoja. Ndivyo nilivyoingia humo mara ya kwanza, nikiwa kiongozi wa watoto 40 katika mahali nisipopajua. Ndani palikuwa na baridi njema. Mwanga uliingia kwa uchache, na harufu ya makuti makavu ilinikumbusha banda la baba la kuwekea nyavu. Watoto waliokuwa wakipiga kelele njiani walinyamaza pasipo kuamriwa. Tulipotoka tulipita baina ya makaburi, na msichana mmoja, mpole sana darasani, akaniuliza, "Mwalimu, hao wageni wa zamani waliofia hapa, na kwao ni mbali, walizikwa na nani? Na watu wa Malindi walipowaona wakizika, walisemaje?"

Nikamwambia, "Nitakujibu." Hilo ndilo neno walisemalo walimu wanapokuwa hawajui.

Nilitafuta jibu lake kwa muda wa majuma mawili, nikalipata katika kitabu chenye barua za Francis Xavier. Mtu huyo alizaliwa mwaka 1506 huko Navarre, nchi ambayo leo i katika kaskazini ya Hispania, naye alikuwa mmoja wa waanzilishi wa shirika la Wayesuiti. Alitoka Lisbon mwezi wa Aprili 1541 akielekea Goa. Safari za siku zile hazikuwa tandiko la raha. Merikebu zilikaa Msumbiji miezi mingi zikingoja upepo. Maradhi yakawaingia watu, na wengi walikufa huko, naye padre akawa akiwauguza wagonjwa hata mwenyewe akaugua. Mwanzoni mwa mwaka 1542 merikebu yake iliondoka Msumbiji, ikapita Malindi, ikakaa hapo siku chache. Mapokeo ya mji wetu yameliunganisha kanisa lile dogo na ziara hiyo.

Mwezi wa Septemba mwaka ule ule, akiwa amekwisha kufika Goa, Xavier aliwaandikia wenzake wa Roma habari za safari yake, na mji wa Malindi ulipata mistari yake. Asema kwamba palikuwa na msalaba mkubwa wa jiwe uliosimamishwa na Wareno. Asema pia kwamba mtu mmoja wa merikebuni mwao alifia hapo, nao wakamzika kwa sala za kanisa lao. Na Waislamu wa mji, waliokuwa wakitazama, walipendezwa kuona jinsi Wakristo wanavyowazika wafu wao.

Niliyasoma maneno hayo, nikayarudia mara ya pili, na mara ya tatu. Maiti ya mgeni, asiye na mama wala ndugu mjini. Padre wa dini nyingine. Na watu wa Malindi, mababu wa mji wangu, wamesimama karibu kiasi cha kuona vema na kupendezwa. Hawakusimama barabarani. Katika mwaka 1542 watu wa msikiti walijua jambo ambalo mimi, mwalimu wa mwaka 1997, sikulijua: kwamba kumstahi maiti si kuiacha dini yako.

Barua yaendelea na habari nyingine. Mwislamu mmoja wa Malindi, mtu mwenye heshima kubwa, alimwuliza padre kama Wakristo huko kwao huyahudhuria makanisa yao kwa bidii. Yeye mwenyewe alihuzunika, kwa kuwa mji ulikuwa na misikiti 17, lakini watu walihudhuria mitatu tu, na hata hiyo walikwenda wachache. Akataka kujua sababu ya ibada kupoa. Tazama jinsi swali hilo lilivyo la kweli. Ni swali la mtu mzima kwa mtu mzima, mmoja aonaye upungufu katika nyumba yake na kumwuliza mgeni kama na kwake ni vivyo hivyo. Sitakudanganya nikasema kwamba walipatana. Xavier alikuwa mhubiri wa wakati wake, aliamini kwamba dini yake pekee ndiyo njia, naye alimjibu hivyo. Mzee yule hakuridhika na jibu lake, wakaachana kila mtu na imani yake. Lakini walizungumza, na hapana aliyempiga mwenzake jiwe.

Padre yule naye alifia ugenini. Mwaka 1552 alikufa katika kisiwa cha Shangchuan, karibu na pwani ya China, na watu waliohudhuria maziko yake walikuwa wachache mno. Nilipoyasoma hayo nilifikiri kwamba mtu aliyemzika mgeni Malindi alistahili kuzikwa na wengi. Lakini dunia hailipi kila deni papo hapo.

Historia ya pwani yetu ina ukurasa mwingine, nami ningekuwa mwongo kama ningeufunika kwa sababu haupendezi. Urafiki wa Wareno na wafalme wa Malindi haukubaki mtamu. Wareno walianza kuijenga Ngome ya Yesu huko Mombasa mwaka 1593, na mfalme wa Malindi akapewa enzi ya Mombasa. Mwaka 1597 watawa wa shirika la Mtakatifu Augustino wakaanzisha nyumba yao mjini humo. Mji wa Malindi, ulioachwa na wafalme wake, ulidhoofu hata ukawa magofu. Mwaka 1614 mfalme Hasan, wa ukoo huo huo uliowapokea Wareno, aliuawa kwa hila za Wareno wenyewe. Mwanawe Yusuf, mtoto wa miaka kama saba, akachukuliwa Goa, akalelewa na watawa wa Augustino, akabatizwa, akaitwa Jeronimo. Alipokuwa mtu mzima alirudishwa Mombasa awe mfalme.

Masimulizi ya wakati ule yaeleza kwamba alionekana usiku kaburini kwa baba yake akimwombea kwa desturi ya Kiislamu, na habari ikapelekwa kwa kapteni wa Ngome kuwa ni hatia kubwa. Kabla hajakamatwa, tarehe 16 Agosti 1631, Yusuf aliingia Ngomeni na watu wake, akamwua kapteni. Na katika siku zilizofuata wakauawa Wareno wengi, na watawa, na Waafrika waliobatizwa ambao hawakumkosea mtu. Mwaka uliofuata aliuacha mji, akaishi maisha ya baharini hata kufa kwake.

Sisemi kwamba damu yote ile ilimwagika kwa ajili ya kaburi. Palikuwa na kodi, na biashara, na dhuluma ya miaka mingi. Lakini ziweke hadithi hizi mbili pamoja uzitazame. Mwaka 1542 mgeni alizikwa Malindi kwa dini yake, wenyeji wakapendezwa. Miaka 89 baadaye, mwana alihesabiwa mkosaji kwa kumwombea baba yake. Watawa walikuwa wamemfundisha kijana yule kusoma, na kuimba, na kusali. Lakini wakuu wa wakati ule hawakumwachia nafasi ya kuwa mfiwa.

Nilimpa msichana yule jibu lake mbele ya darasa zima, nikawasomea habari hizo zote mbili. Sikuwaambia habari yangu. Siku hiyo sikuwa na ujasiri huo.

Jumapili iliyofuata nilichukua jembe la nyumbani, nikapanda baiskeli, nikaenda Ganda. Nilimkuta mama yule uani akipepeta mahindi. Alilitazama lile jembe, akanitazama mimi.

"Mama," nikasema, "nimekuja kuzika."

Akaweka ungo chini. "Umechelewa, mwanangu," akasema, "lakini kaburi halikimbii. Twende."

Lilikuwa chini ya mkorosho. Msalaba wa mbao ulikuwa umeliwa na mchwa hata ukainama, na majani yalikuwa yamepanda. Nikalima pale pote, nikaondoa mizizi, nikainua udongo uliotitia, nikausimamisha msalaba wima na kuushindilia mawe. Ndiyo, niliushika kwa mikono yangu miwili. Ulikuwa mti uliochongwa kuonyesha mahali alipolala rafiki yangu, wala haukunibadili chochote. Kisha nikapiga magoti, nikachota udongo, nikatia konzi tatu, moja baada ya nyingine, kama yeye alivyomtilia baba. Mama alisimama nyuma yangu. Hakulia, wala hakunena.

Tuliporudi uani alinipa maji ya kunawa, akaniletea sima na mboga. Mtoto wa marehemu, aliyekuwa na umri wa miaka sita wakati huo, akaja akasimama mbele yangu akinikodolea macho. Akamwuliza bibi yake mimi ni nani. Bibi akamjibu, "Msalimu. Huyu ni baba yako mdogo, wa Shela."

Msomaji, nimepata kusifiwa mara kadhaa katika kazi yangu, na mara moja nilipewa cheti. Lakini sijapata kupewa jina lililonipendeza kuliko hilo, wala ambalo nilikuwa sina haki nalo kama hilo.

Tangu siku ile naliingia kanisa lile dogo mara moja kila mwaka, pamoja na wanafunzi wapya. Husimama nao baina ya makaburi, nikawapa swali lile lile la msichana yule: wageni hawa walizikwa na nani, na watu wa Malindi walisemaje? Baadhi yao hujibu kwa kubahatisha, wengine hucheka. Siku hizi huwaambia na habari ya mtu aliyesimama barabarani. Na mwishowe huwaambia kwamba mtu huyo ndiye mimi.

Waungwana walisema kwamba ada ya mja hunena, muungwana ni kitendo. Kunena juu ya ujirani mwema ni rahisi, hasa katika insha. Lakini itakuja siku, nayo haitakupigia hodi, ambapo jirani yako wa dini nyingine atafiwa. Utakuwa na shughuli; au utakuwa na wenzako barazani wenye maneno; au utaona haya kwa kuwa hujui pa kusimama wala la kusema. Siku hiyo usiulize la kusema. Rafiki yangu alipofika kwetu alisema maneno matatu tu, kisha akatafuta jembe. Sala zao waachie wenyewe, nawe ushike zako moyoni; lakini bega halina madhehebu, na udongo ni wa sote.

Mama wa Ganda alifariki mwaka 2014, amekula chumvi nyingi. Mjukuu wake, ambaye wakati huo alikuwa kijana wa miaka 19, alinipigia simu usiku. Asubuhi nilipita kwa watu wa baraza yetu, nikawaeleza ninakokwenda. Mmoja wao aliguna. Wanne waliondoka wakavaa viatu, wakafuatana nami. Tulipofika tulikuta padre hajaja bado na kaburi halijesha kuchimbwa. Tukapokea majembe, tukaingia shimoni kwa zamu. Padre alipofika alisali sala zake, nasi tulinyamaza. Kisha tukatia udongo, watu wote pamoja, na jua la saa nane likiwa juu ya mikorosho.

Nilipoinua macho niliuona ule mwembe wa barabarani. Chini yake hapakuwa na mtu.